Mpaka Maji Yatoke Meupe

Jumatatu, 3 Machi

Daraja limefungwa. Maji yamepanda juu ya barabara pande zote mbili na wameweka mapipa kuzuia magari. Mpaka mvua ziishe, anayetaka kufika hospitali iliyo ng'ambo atapanda boti yetu au ataogelea.

Kaka ameshika usukani. Mimi nimeshika injini. Mjomba, aliyetufundisha sote wawili, ameshika kiti chake mlangoni mwa karakana na anatoa amri. Kaka anasema ulimi wangu una ncha, afadhali niwe naandika kuliko kusema. Haya, nimenunua daftari. Tutaona nani atajuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Boti imejaa kila safari. Injini haina neno.

Jumapili, 9 Machi

Ina neno.

Injini yetu haikubandikwa nyuma kama zile za boti ndogo. Imelala tumboni mwa boti, chini ya mbao za sakafu, na ukitaka kuihudumia unapiga magoti kwanza. Inapozwa na maji ya aina mbili. Ya kwanza ni kulanti, ile dawa ya kijani iliyochanganywa na maji ya betri, ambayo inazunguka ndani ya chuma. Ya pili ni maji ya mto: pampu inayavuta, yanapita kwenye mirija ya shaba ndani ya kipoza, yanaondoka na joto la kulanti, yanatemwa nje. Yanapakana ukuta kwa ukuta kama majirani waliogombana, na hayatakiwi kukutana hata siku moja.

Leo nimefungua mfuniko wa tangi la kulanti. Kina kipo, limejaa mpaka kwenye mstari. Lakini ile kijani niliyoiweka mwenyewe mwezi uliopita imepauka. Nimechovya kidole nikanusa. Tope.

Nimemwambia Kaka kuna mahali pamefunguka, maji ya mto yanaingia kwenye kulanti, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema, "Ufa gani, dada? Si inakwenda?" Huyo ndiye Kaka. Kwake kitu kinachokwenda ni kizima.

Jumatano, 12 Machi

Mkunga anavuka nasi kila asubuhi kwenda kazini na kila jioni kurudi. Leo amesema Mjomba amemuuliza tena kama ameolewa. "Ananiposa upya kila siku," akasema, "na kila siku ananiambia nimfikirie kwanza." Tumecheka sana. Mjomba naye amecheka.

Jumapili, 16 Machi

Jana na leo boti haikwenda. Nimeshusha kipoza chote.

Nimemwaga kulanti, nimefungua vifuniko vya pande zote mbili, nimetoa mipira ya kuzibia. Ilikuwa imekauka na kuwa migumu, nikajua nimempata mwizi. Gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya chuma na chuma, ilikuwa imeng'ang'ania. Nikaanza kuikwangua kwa kisu. Mjomba, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo nyuma yangu, akaninyang'anya.

"Gasketi haikwanguliwi kwa hasira, Spana. Ukikwaruza uso wa chuma, hata ubandike gasketi kumi patavuja."

Jina la Spana alinipa yeye, siku mama yetu alipofariki na yeye, kaka yake, akatuchukua. Nilikuwa mwembamba na nilikuwa nauma kila mtu. Akasema huyu ni spana, atafaa karakana.

Akalainisha ile gasketi kwa mafuta ya taa, akaingoja, akaitoa nzima kama ganda la yai lililochemshwa. Mikono yake haijazeeka. Akapaka gundi ya silikoni kwa ncha ya kidole, nyembamba, akanikumbusha kukaza bolti kwa kupishana, hii halafu ya upande wa pili, kidogo kidogo, na kuiacha ikauke. Nilikuwa najua yote hayo. Nilimwacha aseme kwa sababu napenda akisema.

Kisha nimejaza. Kulanti mpya, nusu kwa nusu na maji ya betri, taratibu, huku skrubu ya juu ya kutolea hewa ikiwa wazi. Hewa ikibaki ndani, tangi litakuambia limejaa na injini itaungua huku unalitazama. Nilingoja mapovu yaishe, nikafunga skrubu, nikawasha mashine bila mfuniko, nikawa naminya mpira wa maji kwa mkono mpaka kina kikatulia. Kijani safi.

Nina furaha ya kijinga. Nimekula nikiwa nimesimama.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kijani.

Jumamosi, 22 Machi

Imepauka tena.

Jumapili, 23 Machi

Nimefungua kila kitu tena. Nimeziba kipoza upande mmoja, nikakitumbukiza kwenye pipa la maji, nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Hakuna povu hata moja. Nimekagua pampu ya maji, mipira, klipu. Pakavu. Hata maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ya boti, hayana hata chembe ya kijani. Kulanti haivuji, na maji ya mto hayaingii. Lakini kulanti inaondoka na maji ya mto yanaingia.

Mjomba hutuambia siku zote: mashine haidanganyi, anayedanganya ni mtu. Nimekaa na hilo neno siku nzima. Mtu anayekaa na mashine hii kutwa nzima ni mmoja tu.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia.

Tulikuwa gatini, abiria wameshashuka. Nikamwambia, "Kaka, unaikimbiza mashine mpaka inachemka, kisha unaogopa kuniambia, unaongezea maji ya mto."

Alinitazama kwanza kama aliyedhani natania. "Mimi?"

"Nani mwingine?"

"Sijawahi kutia maji ya mto humo ndani. Kwa nini nifanye hivyo?"

"Kwa sababu una haraka. Umezaliwa una haraka."

Mjomba alikuwa karibu, anasikia. Akatikisa kichwa, akamwambia Kaka, "Sema kweli tu, mwanangu, yaishe." Kaka akainama akafunga kamba. Hakusema kweli wala uongo.

Nimempa amri: kuanzia leo mfuniko wa tangi naufungua mimi peke yangu. Akajibu, "Sawa, fundi." Hakusema dada. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, lakini nimeshajikwaa, na bado naona nilikuwa na haki. Kulanti ile si ya kuchezea. Kuna watu juu yake.

Ijumaa, 28 Machi

Hatusemeshani zaidi ya salamu. Rangi imepungua kidogo. Nimemwaga, nimejaza upya. Sijamwuliza kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo asubuhi sikukagua tangi. Mvua ya jana iliingiza maji karakana, nikawa naokoa vifaa, nikasema moyoni juzi tu nilijaza, inatosha. Kaka akaondoka na safari ya kwanza. Ndani kulikuwa na Mkunga, na mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemwanzia tangu usiku na mtoto amekaa vibaya, akipelekwa kupasuliwa. Mume wake, mama yake, na abiria wengine.

Nilikuwa nafagia maji niliposikia mlio wa mashine umebadilika. Mtu aliyelelewa na injini anasikia hata akiwa amelala. Ulikuwa unakwaruza. Nikatoka nje mbio, nikaona moshi mweupe unatoka sakafuni mwa boti, katikati kabisa ya mto, na mto unakimbia na magogo. Kisha mlio ukakatika.

Chini ya pale mto unaelekea kwenye nguzo za daraja lililozama. Kila mtu hapa anajua nguzo zile zimefanya nini kwa mitumbwi.

Kaka aliizima mwenyewe, ndiyo maana leo bado tuna injini. Akatupa nanga, nanga ikaburuza. Akawaambia abiria wang'oe mbao za sakafu wapige nazo kasia, na yeye akashika usukani na kuilaza boti ipite kwenye maji kimshazari, taratibu, bila kupiga kelele. Nilimwona kutoka ukingoni. Yule niliyesema amezaliwa na haraka. Walikwenda na maji mpaka sikuwaona tena, na mimi nikakimbia ukingoni nikipiga kelele ambazo sijui zilimsaidia nani.

Walifika ng'ambo kwenye matete, chini sana ya gati, karibu na nguzo. Wakambeba yule mama kwenye mbao zile zile, kwenye tope, mpaka barabarani wakapata gari.

Jioni Mkunga alirudi kwa mtumbwi. Mama amepasuliwa, mtoto amelia. "Alichelewa kulia," akaniambia. "Alichelewa sana. Leo tumeokoka. Sitaki kuokoka tena namna hii."

Boti ilivutwa kwa kamba. Nilipofungua tangi lilikuwa kavu. Si kupauka, kavu kabisa. Ndiyo maana mshale wa joto haukupanda: ile pini inayopima joto ilikuwa inaning'inia hewani, inapima upepo. Koki ya chini, ile ya kumwagia kulanti, imefungwa vizuri. Kwenye ngama hakuna kulanti.

Watu walijaa gatini. Mmoja akasema nahodha gani anaondoka na mashine bila maji. Mwingine akasema alijua. Mjomba akapita katikati yao, akasimama mbele ya Kaka, akamwambia mbele ya wote, "Nilikufundisha nini? Mashine inaondoka na kiu, wewe hujui? Umenitia aibu."

Kaka alikuwa ameloa tope mpaka kifuani. Akasema, "Nisamehe, Mjomba."

Baadaye, tulipokuwa wawili, akaniambia kwa sauti ndogo, "Uliniambia nisiguse mfuniko." Alikuwa na maneno hayo mdomoni muda wote ule mbele ya watu, na hakuyatoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Msimamizi wa gati amemsimamisha Kaka. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo ijulikane kulanti ilikwenda wapi, la sivyo usukani atapewa mtu mwingine, na Kaka hatashika tena boti ya abiria kwenye gati hili. Kaka hajui kazi nyingine. Amechukua mkewe na watoto wameondoka kwenda kwa wakwe. Amesema hawezi kupita njiani.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefungua kichwa cha injini. Gasketi yake imeungua pembeni, lakini chuma hakijapinda. Nimeweka kioo juu yake, nimeweka taa nyuma, mwanga haupiti. Bahati kubwa kuliko tunayostahili.

Mjomba amekaa nami kutwa. Ananishikia taa. Ameniuliza Kaka yuko wapi, nikamwambia kwa wakwe. Baada ya muda akauliza tena.

Jumanne, 8 Aprili

Gasketi mpya, mipira mipya, sili mpya ya pampu ya maji. Nimekaza, nimeacha ikauke, nimesafisha ndani kwa maji mpaka yakatoka hayana uchafu, nimejaza kulanti, nimetoa hewa. Nimeiwasha ikiwa imefungwa gatini. Inaimba.

Kaka hajakanyaga hapa tangu Alhamisi.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi nimefungua mfuniko. Imepauka.

Nilikaa sakafuni mwa boti, mfuniko mkononi, mvua ikininyea. Kaka yuko kwa wakwe, mwendo wa nusu siku. Nilitaka iwe ni yeye. Mungu anisamehe, nilitaka sana iwe ni yeye, kwa sababu aliyebaki nilikuwa simtaki hata kwenye mawazo.

Alhamisi, 10 Aprili

Jioni, bado kuna mwanga, nilijibanza nyuma ya mapipa ya mafuta, mahali unapoiona boti yote.

Alikuja na ndoo mbili. Hakutazama huku wala huku kama mwizi. Alitembea kama mtu anayekwenda kazini. Akaingia, akapiga magoti, akaondoa mbao ya sakafu bila kupapasa, akateka maji ya mto, akafungua mfuniko wa juu, akafungua koki ya chini. Kulanti ikawa inatiririka kwenye ndoo nyingine, na yeye anamimina maji ya mto juu yake, kidogo kidogo, kwa subira, huku akinong'ona. Nilisogea nikasikia. Alikuwa anaihesabia mashine kazi ilizofanya leo, nani ilimvusha na nani ilimrudisha.

Ndoo ilipojaa kijani alitoka, akaimwaga kwenye majani, akarudi. Hakika mikono yake haijazeeka.

Nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Njoo unishikie taa."

"Unafanya nini?"

"Natoa tope. Nimewaambia mara ngapi, mashine hailazwi na tope tumboni? Kila jioni unafungua chini, unatia juu, mpaka maji yatoke meupe. Haya bado yana rangi."

Ndivyo tulivyofanya kweli. Kwenye mashine ya zamani, ile iliyokuwa ikinywa maji ya mto moja kwa moja, kila jioni ya utoto wangu nilishika taa na yeye akatoa tope. Kila jioni. Tuliibadilisha miaka mingi iliyopita.

"Mjomba," nikasema, "hii siyo ile mashine."

Akaniangalia, kisha akaiangalia. Akapitisha mkono juu ya kipoza, kwenye zile bolti tulizokaza pamoja mwezi uliopita. Niliona uso wake ukitafuta mahali pa kushika.

"Ile iko wapi?"

"Nyuma ya karakana, chini ya turubai."

"Nani kaitoa?"

"Wewe, Mjomba. Uliitoa mwenyewe."

Akafunga koki. Akakaa chini kwenye mbao zenye maji, akaitazama mikono yake, nikaona anaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa. Wakati mama anafariki alikuwa analia, lakini hakuogopa.

"Ile siku ya moshi," akasema. "Ni mimi?"

Nadhani siku ile aliitwa kula kabla hajamimina maji ya juu. Nadhani ni mimi niliyemwita. Nikamjibu, "Ndiyo, Mjomba."

Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Spana. Usimwambie kaka yako. Atasema nimezeeka."

Nilimpandisha gatini, nikampeleka nyumbani, nikamvua viatu vilivyoloa. Hapo alikuwa ameshaanza kuniuliza kama boti ya jioni imerudi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimtumia Kaka ujumbe kwamba aje. Amefika asubuhi na mapema, hakukaa. Nilianza na samahani, akaipokea kwa kichwa. Kisha nikamwambia yote. Ndipo akakaa.

Akasema, "Basi liwe langu."

"Lipi?"

"Tuseme nilisahau kutia maji. Watu wameshaamini. Mimi bado kijana, nitatafuta kazi nyingine. Yeye akiondolewa kwenye mashine atabaki na nini?"

"Na akimwaga tena? Mkunga tutamwambia nini? Yule mama mwenye mtoto?"

"Tutafunga kwa kufuli."

"Kufuli tutaweka. Lakini wewe usukani hutaachia kwa kosa ambalo si lako."

Alilia kidogo, kwa ukimya, kama anavyofanya kila kitu siku hizi, au kama alivyokuwa anafanya siku zote na mimi sikuwa natazama. Nilikuwa nimemjua ndugu yangu kwa kelele za mashine yake tu.

Tulikwenda ofisini kwa Msimamizi. Mkunga alikuwepo, ameitwa kama shahidi. Na Mjomba naye akaja, amevaa shati safi, kwa sababu penye maneno ya injini hawezi kukosa. Hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Msimamizi akaniuliza kulanti ilikwenda wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaeleza kwamba hakuna mahali panapovuja, kwamba nahodha hakugusa tangi kwa sababu nilimkataza mimi, na kwamba kuna mtu alikuwa akifungua koki kila jioni na kumwaga kulanti, akidhani anatoa tope. Nikafika kwenye jina. Ulimi wangu huu wenye ncha ukagoma.

Mjomba ndiye aliyesema. Alisimama, amekasirika kweli.

"Nani huyo? Anamwaga kulanti ya mashine inayobeba wajawazito? Fundi gani huyo?" Akamgeukia Msimamizi. "Mtu wa namna hiyo asiguse tena mashine ya watu. Hata akiwa ndugu yao. Hasa akiwa ndugu yao. Andika hivyo."

Msimamizi alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Kaka aliyeinamisha kichwa. Akaelewa. Akaweka kalamu chini. "Nimekusikia, Mzee," akasema. "Itakuwa hivyo hivyo."

Mkunga akainuka akamshika mkono. "Twende unisindikize, Mzee. Njiani uniulize kama nimeolewa."

"Umeolewa?" akauliza, wakatoka.

Kaka anarudi kazini kesho. Jina halikutajwa na hakuna aliyelidai. Ila Mjomba amekatwa na mashine kwa mdomo wake mwenyewe, nami nilikaa pale nikamwacha akate.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeng'oa koki ya chini, nimeweka plagi ya chuma, nimepaka silikoni, nimekaza. Mbao za sakafu nimezitia bawaba na kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu. Asubuhi, kabla ya safari, tunafungua mfuniko pamoja, mimi na Kaka, tunatazama wote.

Jumatatu, 14 Aprili

Jioni alikuja na ndoo. Alishika kufuli, akaligeuza, akaliachia. Alisimama kwa muda. Akarudi na ndoo tupu.

Jumanne, 15 Aprili

Hivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Hivyo hivyo. Hali chakula vizuri. Nimempeleka ng'ambo hospitali, Mkunga akatutangulia kwa daktari. Daktari ni mpole. Hana dawa ya kumrudisha, ana dawa ya kumtuliza. Nikasema asante, nikazikunja zile karatasi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimerudi kutoka dukani nikakuta Kaka ametoa turubai kwenye mashine ya zamani. Ameiinua juu ya magogo, amechonga kutu kwenye koki mpaka inazunguka, ameziba matundu yote kwa plagi na silikoni, kwa mkono wake, kazi ya hovyo kidogo. Sikusema neno. Kisha akaijaza maji ya mto yenye tope, ndoo kwa ndoo.

Jioni akamwambia Mjomba, "Mashine imerudi, Mjomba, ina tope."

Mjomba alipiga magoti. Akafungua chini, akatia juu. Mimi nilishika taa. Yalitoka kama chai ya maziwa, kisha kama maji ya kunawia, kisha meupe. Akafunga koki, akapangusa mikono, akasema, "Sasa inaweza kulala." Amekula sahani nzima.

Jumatano, 30 Aprili

Kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza Kaka anateka maji ya mto na kuitia tope mashine isiyokwenda popote. Hajakosa hata siku moja. Na mimi nilisema ana haraka.

Jumapili, 11 Mei

Kijani.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Yule mama amevuka na mtoto wake kumpeleka kliniki. Alimpa Mjomba amshike. Mjomba alimshika vizuri, akamchekea, akauliza ni wa nani. Nilitoka nikaenda kukagua mikanda ambayo haikuwa na shida.

Ijumaa, 23 Mei

Wameondoa mapipa upande mmoja wa daraja. Mjomba leo ameniita kwa jina la mama. Niliitika.

Jumamosi, 31 Mei

Daraja limefunguliwa. Boti imepumzika, nami nikaona ni wakati wa kuihudumia baada ya msimu. Nimemwaga kulanti ya zamani kwenye dumu, nimeshusha kipoza, nimelainisha gasketi kwa mafuta ya taa, nimengoja, imetoka nzima. Nimepaka silikoni kwa ncha ya kidole. Nimekaza kwa kupishana, hii halafu ya upande wa pili. Nimejaza taratibu, skrubu ya juu ikiwa wazi, mpaka mapovu yakaisha.

Mjomba alikuwa amesimama gatini, mikono nyuma, ananitazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nikamwambia karibu. Akashuka kwa uangalifu, akainama, akapitisha kidole kuzunguka kifuniko chote cha kipoza, pale gasketi inapokutana na chuma. Alichukua muda. Nilijikuta nimebana pumzi kama siku ya kwanza niliyomwonyesha kazi.

"Hapa hapatavuja," akasema. "Kazi safi sana, binti. Nani alikufundisha?"

Kaka alikuwa anakunja kamba, akaacha.

Nikasema, "Mjomba wangu."

Akainamisha kichwa kwa heshima, fundi kwa fundi. "Ukimwona," akasema, "msalimie."

Nikamwambia nitamsalimia.